Majina Yaliyosomwa Kabla ya Chakula cha Bwana

Katika kanisa letu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kulikuwa na karatasi moja ambayo kila mtu aliiogopa. Ilisomwa Jumapili ya Chakula cha Bwana, baada ya matangazo ya ndoa na ya mazoezi ya kwaya. Katibu alisimama, akavaa miwani, akataja majina ya waliowekwa chini ya adabu ya kanisa: mama fulani, wa selula fulani ya maombi, kwa kosa la uasherati, miezi sita bila kukaribia meza ya Bwana. Hakuna aliyekohoa. Watoto wa mama huyo walikuwa palepale, wamekaa na wenzao wa ekodim, yaani shule ya Jumapili, wanasikiliza.

Niliolewa katika kanisa hilo mwaka 1998, muda mfupi kabla ya vita ya waasi wa RCD. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi; mume wangu ni shofa wa lori. Baadaye wazee walituomba sote wawili tuingie katika kamati ya ndoa, na humo nimeketi muda wa kutosha kusema neno hili bila kuzunguka: karatasi ile haikulinda ndoa ya mtu yeyote. Iliwafundisha waumini kujificha vizuri zaidi.

Tuliokuwa ndani tuliijua hesabu yake. Majina ya wanawake yalizidi ya wanaume kwa sababu ya kawaida kabisa: mimba inaonekana. Mwanaume akisema “Mimi simujue huyu,” maneno yanaishia hapo. Sheria ya nchi nayo haikuwa mbali na desturi hiyo. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimhesabia mke uzinzi kwa tendo lenyewe, lakini mume alihesabiwa kosa pale tu tendo lake lilipochukua sura ya tusi zito kwa mkewe. Wazee wetu hawakuwa wameisoma sheria hiyo. Walifika mahali palepale kwa miguu yao wenyewe.

Na Goma ni mji wa watu wasiokaa. Mume anaenda Walikale kwenye machimbo ya kasiteriti ya Bisie, au Rubaya kwenye koltani, na akishaingia msituni simu yake inanyamaza wiki nzima. Mwingine anapanda boti ya Bukavu. Mke anavuka mpaka wa Petite Barrière asubuhi na bidhaa zake kichwani, anauza Gisenyi upande wa Rwanda, anarudi jioni akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na jirani aliyeshinda kibarazani ndiye anayehesabu saa zake. Katika maisha ya namna hiyo, mtu anayetaka kumshuku mwenzake hakosi ushahidi. Simu imezimwa. Gari limelala njiani. Pesa haikufika. Kila moja ina maelezo ya kweli, na kila moja ingeweza kuwa uongo.

Sisi tuliokolewa na wasimamizi wetu wa ndoa, wale ambao wengi hapa huwaita parrain na marraine. Parrain alikuwa fundi wa kuchonga chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo. Mke wake aliuza maharagwe soko la Virunga. Mume wangu alipopata kazi ya kuendesha lori la Butembo, walituita nyumbani kwao, wakatupa chai, halafu mzee akamwuliza maswali mbele yangu. Pesa ya nyumba inabaki kwa nani? Gari likiharibika, utalala kwa nani? Habari zako zitaletwa na nani kama simu haipiti? Hakumwuliza hata mara moja kama atanisaliti. Mume wangu akataja nyumba ya mzee mmoja wa kanisa kule Kanyabayonga, na kweli akawa analala huko. Siku nilizosikia maneno ya barabarani, nilikuwa na mahali pa kuuliza, na yeye alijua kwamba ninapo. Watu wengi hudhani kwamba kumwuliza mtu hivyo ni kumtilia shaka. Mume wangu anasema alijisikia huru, kwa sababu hakuwa na kazi ya kujieleza kila akirudi.

Wasiokuwa na watu kama hao walipeleka mashaka yao kwenye vyumba vya maombi. Sina ugomvi na maombi. Nina ugomvi na nabii aliyemwambia dada mmoja wa selula yetu kwamba anamwona mwanamke mwembamba, anakaa na mume wa dada huyo katika nyumba ya mbao, kwenye mtaa wa mawe meusi. Jamani! Mji mzima huu umesimama juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, na nyumba za mbao ndizo nyingi tangu lava ya Januari 2002 ipite katikati ya mji. Lakini dada huyo alitoka pale akiujua mtaa na akiijua nyumba. Akaenda kuvunja mlango wa mjane wa shemeji yake, ambako mume wake alikuwa akipeleka unga kila mwisho wa mwezi. Alichokosea mume ni kupeleka unga huo bila kumwambia mkewe. Aibu ya siku ile ilibaki katika ukoo kwa muda mrefu, na nabii hakuja kuomba radhi.

Karatasi ya Jumapili ilianza kufa mwaka 2008, wakati wa vita ya waasi wa CNDP, watu wa Rutshuru na Masisi walipojaa kambi za Kibati na Mugunga. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa amekwenda Masisi kuvuna maharagwe kwa wazazi wake. Watu wenye silaha walimkuta shambani. Alirudi Goma akiwa hai, asiseme kitu, mpaka mwili ulipomsemea. Mume wake alihesabu miezi, akabeba godoro, akahamia kwa kaka yake.

Kwenye kikao cha wazee jina la mama huyo liliandikwa. Nilikuwapo. Mzee aliyelipendekeza hakuwa mtu mbaya. Alisema utaratibu ni utaratibu, mimba si ya bwana wake, na washirika watauliza. Tulikuwa na mama mmoja mzee katika kamati, sote tulimwita Koko, asiyekuwa na cheo chochote zaidi ya umri wake. Alisubiri mzee amalize, akamwambia: “Baba, mutu akivunjiwa nyumba yake usiku, mutamufunga yeye sababu mulango ulifunguka?” Mchungaji alikuwa ameshika kalamu. Akaifunga, akaikunja karatasi, na Jumapili ile hakuna jina lililosomwa.

Tangu Julai 2006 nchi ilikuwa na sheria mpya iliyotaja ubakaji kuwa kosa kubwa la jinai, na hapa mjini hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa na daktari Jo Lusi na mkewe Lyn, ilikuwa ikiwapokea wanawake wa namna hiyo kutoka kila upande wa jimbo. Makanisa mengi yalikuwa bado yanauliza kama mwanamke aliyebakwa ameanguka dhambini. Nayaandika haya kwa sababu vijana wanaofunga ndoa leo wanadhani jibu lilikuwa wazi siku zote. Halikuwa wazi. Ilibidi mama mzee aliseme katika chumba kilichojaa wanaume wenye Biblia, na aliseme kwa swali, kwa sababu amri kutoka kwake wasingeipokea.

Yule mama aliyebakwa tulimpeleka hospitali. Kwa mume wake, mchungaji hakutuma mhubiri. Alituma wanaume wawili, wakawa wanakwenda jioni kukaa naye nje ya nyumba ya kaka yake. Mmoja wao alikuwa mume wangu. Mwingine alikuwa mtu ambaye jambo hilohilo lilimkuta mke wake katika vita iliyotangulia, na hakuwa amelisema kanisani hata siku moja. Walizungumza nini, sijui. Mume wangu hakuniambia wakati ule na hajaniambia mpaka leo, nami nimeacha kuuliza. Mtu huyo alirudisha godoro lake nyumbani kabla ya mtoto kuzaliwa. Mtoto ana jina lake.

Si wote waliorudi. Mwanaume mwingine wa kanisa letu, ambaye mke wake alipatwa na mambo hayohayo, aliondoka akachukua mwanamke mwingine upande wa Keshero, na aliendelea kuimba besi katika kwaya. Jina lake halikuwahi kusomwa, hata enzi za karatasi.

Baada ya hapo mchungaji akaacha kabisa kusoma majina. Wazee wengine walikasirika, wakasema kanisa limefungua mlango kwa dunia. Lakini adabu haikuondolewa. Ilihamia nyumbani, mbele ya wasimamizi na watu wawili wa kamati, na ikawa ngumu zaidi. Zamani, Jumapili, mtu alisimama dakika chache akainamisha kichwa. Nyumbani anaulizwa, anarudi wiki nyingine, anaulizwa tena. Wapo walioniambia kwamba afadhali wangesomwa.

Kamati yenyewe ilihitaji adabu yake. Katika kanisa jingine la mjini, ambalo sitalitaja, mtumishi aliyepewa kazi ya kumshauri mama mwenye shida za ndoa aliishia kuwa ndiyo shida yenyewe. Habari ilipotufikia, Koko hakutuacha tulale. Tangu siku hiyo hakuna anayemtembelea mke au mume aliye peke yake isipokuwa watu wawili pamoja, mlango ukiwa wazi, na mama huzungumza na mama. Mchungaji hana ruhusa maalumu. Zaidi ya hayo, mtu wa kamati akitoa nje neno alilolisikia ndani, anatoka siku hiyohiyo. Wawili wamekwisha kutoka, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu.

Nyiragongo ililipuka tena Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021. Alhamisi iliyofuata, tarehe 27, gavana wa kijeshi aliamuru mitaa kumi kati ya kumi na minane ihame. Anayekumbuka asubuhi ile anakumbuka barabara ya Sake: magari, pikipiki, chukudu zilizobeba wazee, wamama na mabeseni kichwani, ardhi ikitetemeka chini ya miguu. Mwanakwaya wetu mmoja alikuwa na gari dogo. Alimfikisha mke wake na watoto Sake, akawaacha kwenye uwanja wa kanisa, akasema anarudi kuchukua vitu vya kazini. Alirudi jioni na mwanamke mwingine na watoto wawili, wamekaa juu ya magodoro. Nadhani alikuwa amepanga kuwashusha mahali pengine, lakini siku ile hapakuwa na mahali pengine. Watoto wa pale na watoto wa hapa walikuwa na paji la uso moja. Hakuna aliyehitaji kueleza.

Deuxième bureau, yaani mwanamke wa pili wa siri, ni jambo ambalo mji huu unalichekea. Wanaume hutaniana nalo kwenye nganda za pombe, waimbaji wanaliimba. Sikumwona mtu anayecheka Sake. Marraine wa ndoa ile alimchukua mke upande mmoja, akamfunika kitenge chake, akalala naye chini pamoja na watoto. Parrain akamchukua bwana. Na wapo wamama waliokuja mbio kumwambia mke “Vumilia, mama, wanaume ndivyo walivyo.” Tuliwafukuza. Samahani kwa neno hilo, lakini ndilo lenyewe. Neno “vumilia” linapokuja kabla ya ukweli kusemwa, humsaidia aliyekosa peke yake.

Tulipotulia Goma mwezi wa Juni tulianza vikao. Jambo la kwanza halikuwa msamaha. Lilikuwa hesabu: kodi ya nyumba ya pili ililipwa kutoka wapi, tangu lini, nani alijua. Wawili wa kwaya walijua. La pili lilikuwa wale watoto wawili. Mke, ambaye angeweza kusema asiwaone, ndiye aliyesema wasitupwe. Na Sheria ya Familia yenyewe inataka kila mtoto wa Kongo awe na baba, azaliwe ndani ya ndoa au nje. Bwana akaenda kuwaandikisha. La tatu lilikuwa kipimo cha damu, wote wawili, kama vile makanisa yetu yanavyowadai wachumba kabla ya ndoa na kisha kusahau kabisa kwamba ndoa nayo ina miaka mbele yake. Bwana akatoka kwenye kwaya bila tangazo. Yule mwanamke wa pili naye alitembelewa na wamama wawili, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba bwana ni mjane. Baadaye alikwenda kwa ndugu zake Bukavu.

Mke hakumsamehe mwaka huo. Hakuna aliyemhimiza. Alimruhusu alale chumba cha watoto wa kiume. Leo wanauza vifaa vya ujenzi pamoja, na daftari la mauzo linakaa mezani ambapo kila mmoja anaweza kulifungua. Kama wana furaha, hilo sitalisema kwa niaba yao.

Hilo daftari si jambo dogo. Katika kesi tulizoziona, uongo wa pesa ulitangulia karibu kila mara. Bwana anaficha mshahara, mama anaficha akiba yake ya likirimba, ule mchango wa kupokezana, kila mmoja ana laini ya pili ya simu yenye pesa ambayo mwenzake haijui, na katika ule ufa mtu wa tatu anapata nafasi. Mwaka 2016, tarehe 15 Julai, sheria ya familia ilipobadilishwa na mke akaacha kuhitaji ruhusa ya mume kwa mambo yake ya kisheria, wanaume wengi kanisani walinung’unika kwamba ndoa zimekwisha. Mimi nimeona kinyume. Mke asiyehitaji kuiba ruhusa hana sababu kubwa ya kuficha. Tuliwaambia wazi wale waliokuwa wakijiandaa kufunga ndoa: mkiona aibu kuonyeshana pesa, bado hamjawa tayari kuonyeshana mengine.

Kisha ikaja Januari 2025. Tarehe 27 waasi wa M23 waliingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Waume waliokuwa askari, polisi au watumishi wa serikali walitawanyika: Kinshasa, Beni, Kampala, Bujumbura. Wengine hawajulikani walipo. Wake zao wamebaki Ndosho, Majengo, Mugunga, na nyumba za kulipia kodi. Pesa inapofika kwa simu, wakala anakata sehemu nzuri kabla ya kutoa noti. Mwenye nyumba anajua kwamba bwana hayupo. Muuza unga anajua. Na wote wanajua kwamba anadaiwa.

Kwa wamama hawa, mahubiri juu ya uaminifu yanaweza kuwa ukatili kama hayaji na kilo tano za unga. Kamati yetu ilikubaliana kwamba sadaka ya Jumapili moja kila mwezi ni ya kodi za nyumba zao, na inapelekwa na wamama wawili, bila orodha kusomwa. Wapo waliotuambia baadaye ni nani alikuwa amewapa masharti kuhusu kodi hiyo, na siku walipoweza kulipa yalikoma. Upande wa pili wa safari kuna waume walio peke yao katika chumba cha kupanga Kinshasa, ambako hakuna anayewajua, wanaoona aibu kwa sababu hawawezi kutuma kitu, na aibu hiyo inawafanya wasipige simu. Mke huku anausikia ukimya ule na kuuelewa kwa namna yake. Wawili kati ya waume hao tumewapata kwa kupitia makanisa ya huko. Mmoja alilia kwenye simu kwa sababu mzee wa kanisa alimwuliza habari ya mafua yake.

Kwa hiyo nina ombi kwa wachungaji na wazee wa Kinshasa, Beni, Kampala na Bujumbura mtakaosoma haya. Mkimwona mwanaume wa Kivu ameketi kiti cha nyuma Jumapili, peke yake, msimpe tu mkono na kumkaribisha. Mwulizeni mke wake yuko wapi, anaitwa nani, na mara ya mwisho walizungumza lini. Kama hana salio la kumpigia, mpeni simu yenu, kisha mtoke chumbani azungumze naye.